Boti ya doria ya Lamu ipimwe kwa kina kabla ya kasi

Mhariri,

Kila yanapozuka mazungumzo ya ulinzi wa bahari ya Lamu, swali la kwanza huwa moja: boti inakimbia kiasi gani? Sisi mafundi wa mashine na manahodha wa Lamu na Mokowe twaomba nafasi katika gazeti lako tuseme kwamba swali hilo limetangulizwa pasipo pake. La kwanza ni chombo kinataka maji kiasi gani chini yake. La pili ni kikiharibika kitapandishwa wapi na nani. Kasi ije baada ya hayo. Na chombo tunachokiwazia ni kimoja cha kazi mbili: doria, na kuwafundishia vijana ubaharia.

Lamu si Kilindini, ile bandari ya Mombasa yenye kina kirefu. Anayetoka mjini au Mokowe kwenda Pate, Faza, Ndau na Kiwayu kwa njia ya ndani hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda una saa zake. Kambi ya wanamaji ya Magogoni iko upande wa pili wa mlango huo, kwenye ghuba ya Manda. Maana yake ni kwamba boti kubwa ikiitwa Shela, kisiwani Lamu, wakati maji yamepwa, haina budi kutoka nje, izunguke Manda kwa upande wa bahari kuu, kisha iingie kwa mlango wa Shela. Katika kusi kali la Juni na Julai, maji yakiwa yanatoka na upepo unaingia, mawimbi ya mlangoni pale huinuka wima na kukaribiana. Boti nyepesi ya kasi hapo haikimbii tena. Hurushwa na kupigizwa, na waliomo hushika chuma tu.

Hesabu ya Mkanda kila nahodha wa mashua huifanya kichwani, ila wanunuzi wa vyombo wanaikosa. Siku za bamvua, yaani za maji makuu, maji hupanda kama mita 3 kwa muda wa saa 6 na dakika kidogo. Hayapandi sawasawa. Yagawe mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa mita 3, kila fungu ni sentimita 25. Tuseme pana mahali ambapo maji yakipwa kabisa husalia sentimita 90, na sehemu ya chombo chako iliyo chini ya maji ni mita 1.8. Weka sentimita 60 za usalama chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo: unataka mita 2.4, yaani maji yapande mita 1.5. Utayapata mwisho wa saa ya tatu. Chombo kilichozama mita 1.2 kinataka yapande sentimita 90 tu, nacho kitapita dakika 48 kabla ya mwenzake, na maji yakianza kupwa kina dakika 48 za ziada. Zaidi ya saa moja na nusu ya doria katika kila maji, bila kuongeza hata farasi mmoja kwenye mashine.

Tena pana jambo ambalo ramani haisemi. Chombo kinachokwenda kasi kwenye maji haba hukalia tezi, yaani sehemu yake ya nyuma: maji hukimbia chini yake, tumbo likavutwa chini, na zile sentimita 60 ulizoweka zikaliwa. Dalili yake huonekana nyuma, mawimbi yanapokuwa makubwa ghafla na usukani kuwa mzito. Dawa ni kupunguza mwendo, tena polepole, maana ukikata mashine kwa ghafla wimbi lako mwenyewe hukufikia nyuma na kukubwaga juu ya fungu la mchanga.

Na mashua ikipwelewa si msiba. Hulala ubavu, watu wakapika chai wakangoja maji. Boti ya mashine mbili ikipwelewa huenda ikalalia propela na sukani zake, kwa kuwa katika maumbo mengi hivyo ndivyo vitu vilivyoshuka chini kuliko vyote. Shafti, chuma kinachozungusha propela, ikipinda kidogo tu, chombo kitatetemeka, beringi zitaliwa, pakingi inayozuia maji kwenye shafti itavuja, na safari iliyokuwa ya siku moja itageuka matengenezo ya miezi. Ndiyo maana twasema: mkuku uwe mrefu na ushuke chini kupita propela, kama ulivyo kwenye majahazi yetu, chombo kiweze kukalishwa mchangani kikiwa kizima.

Mfano wa chombo tunachokiwazia upo, na haufichwi. Uingereza ina boti za aina ya Archer, zijulikanazo pia kama P2000. Miaka ya 1980 ziliundwa 14, na mwaka 1998 zikaongezwa 2. Ni za faiba, urefu karibu mita 21, upana mita 5.8, uzito tani 50 na ushei. Mashine ni mbili za dizeli, propela mbili, na mwendo wake mkubwa ni maili 20 na kitu za bahari kwa saa. Katika kazi ya mafunzo, mabaharia wa kudumu wamekuwa watano tu. Nafasi iliyobaki ni ya wanafunzi wa vyuo vikuu wapatao 12, wanaolala, kupika na kushika zamu humohumo. Boti hizohizo hutumika kwa doria; Gibraltar zimelinda bandari kwa miaka. Chombo kimoja, kazi mbili. Ila msizinunue kwa kuziiga zilivyo: zimezama mita 1.8, na propela zake ziko wazi. Umbo la ndani na mpango wa kazi ndivyo vya kuchukua. Tumbo litengenezwe kwa maji yetu.

Wala kuanza na kidogo si aibu. Jeshi letu la Wanamaji lilipozaliwa tarehe 12 Desemba 1964, chombo chake cha kwanza kilikuwa KNS Nyati, boti ya doria iliyokuwa ya Waingereza kwa jina la HMS Aberford. Mwaka 1966 zikafuata Simba, Chui na Ndovu.

Sasa mafuta, maana hapo ndipo doria nyingi hufia. Mashine ya dizeli hula takriban robo lita kwa kila kilowati kwa saa. Mashine mbili zenye jumla ya kilowati 1,050 zikisukumwa mpaka mwisho zitakula lita 260 hivi kila saa. Lamu mpaka Kiunga ni kama maili 50 za bahari. Kwa mwendo wa maili 20 utafika kwa saa mbili na nusu, na lita 650 zimekwenda, kabla hujarudi. Chombo chenye urefu wa mita 18 majini kina mpaka wake wa maumbile, kama maili 10 kwa saa. Chini ya hapo hupasua maji kwa urahisi, juu ya hapo hupanda mlima wa wimbi lake. Ukienda kwa maili 10 hutahitaji hata robo ya nguvu zile. Tukadirie lita 60 kwa saa: Kiunga ni saa 5 na lita 300. Doria ni kuwepo baharini, na mwenye kuwepo siku nne kwa mwezi kwa kasi ya ajabu anashindwa na mwenye kuwepo siku kumi kwa mwendo wa punda.

Wapo watakaosema, kwa nini si boti ndogo zenye mashine za petroli za kuning'inia tezini? Zina kazi yake, hasa kukaribia chombo kingine na kuingia vijito vya mikoko. Basi moja ndogo ibebwe mgongoni mwa hii kubwa. Lakini mwanafunzi halali ndani yake, hasomi ramani ndani yake, na mapipa ya petroli yaliyopangwa juani Kiunga si jambo la kuchezea. Wapo pia wanaosifu mashine zinazovuta maji na kuyarusha nyuma bila propela. Kwenye maji safi ni nzuri. Kwetu zitavuta majani ya mikoko, mwani na mifuko, na mvulana atashinda amelala kifudifudi akiuchokoa mdomo wake kwa kijiti.

Tuje kwenye mashine, maana hizi haziuawi na vita. Huuawa na vitu vidogo.

Cha kwanza ni maji ya bahari ya kupozea. Yanaingia kupitia kichujio, yanavutwa na pampu yenye impela, yaani gurudumu dogo la mapezi ya mpira, yanapita kwenye mabomba membamba ya kipozea, kisha yanatoka nyuma pamoja na moshi. Kichujio kifunguliwe kila asubuhi kabla ya kuwasha, na kila baada ya kupita Mkanda. Impela ikizunguka bila maji kwa dakika moja au mbili tu, mapezi yake huungua na kukatika, na vipande hivyo huenda kuziba kipozea mbele. Fundi anayebadilisha impela asitosheke na kuweka mpya: ahesabu mapezi ya ile ya zamani, na kama limepungua moja alitafute mpaka alipate. Ukiona moshi mweupe wenye mvuke na sauti ya nyuma imekauka, usingoje saa ya joto ikuambie, zima. Ndani ya kipozea mna kijiti cha zinki kinachokubali kuliwa na chumvi ili shaba isiliwe. Kikaguliwe kila mwezi, na kikibaki nusu kitolewe. Ni kitu cha bei ya kilo chache za nyama, na kwa kukikosa mabomba hutoboka, maji ya chumvi yakaingia kwenye maji matamu ya mashine.

Cha pili ni maji ndani ya dizeli. Tangi lililojaa nusu hupumua: mchana huvuta hewa yenye unyevu, usiku hewa hupoa, maji yakatona na kukaa chini. Kati ya maji na mafuta huota uchafu mweusi kama utando, nao ndio unaoziba filta katikati ya mlango wa Shela, si gatini, kwa kuwa wimbi ndilo linaloukoroga. Basi tangi lijazwe mara tu boti irudipo, isiwe siku ya kuondoka. Bilauri ya chini ya filta ifunguliwe kila asubuhi mpaka mafuta safi yatoke. Dizeli iliyoletwa kwa mapipa iachwe itulie usiku kucha, ivutwe kutoka juu, na sentimita 10 za chini zisiguswe. Filta ziwe mbili sambamba na kiwiko cha kuhamisha, ili moja ibadilishwe huku mashine inanguruma.

Cha tatu ni shafti inapopenya tumbo. Pakingi ya aina ya kamba imeumbwa kutona: matone machache kila dakika shafti inapozunguka. Mara kwa mara mtu mwenye bidii huona matone yale akaikaza nati mpaka yakakoma, akajisifu. Baada ya saa moja nyumba ya pakingi haishikiki kwa moto, pakingi imeungua, shafti imepata mfereji, na sasa haitazibika tena kwa kukaza. Kipimo ni mkono: iwe vuguvugu, isiunguze. Huko nyuma, beringi ya mpira hulainishwa na maji ya bahari yenyewe, na maji yetu yana mchanga, hasa karibu na Malindi mto Sabaki unapofurika na bahari kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kila chombo kinapopandishwa, ishike propela uitikise juu na chini. Ikicheza kwa kuonekana, beringi imekwisha, na kusubiri kutakula shafti.

Nyavu zilizokatika nazo ni adui. Kila shafti iwe na kisu chake mbele ya propela, na ndani ya boti kuwe na miwani ya kuzamia, msumeno wa meno makali na kamba ya kumfunga mzamiaji kiunoni. Mashine zizimwe na funguo zikae mfukoni mwa anayezamia mwenyewe. Hili halina mjadala.

Tumbo la faiba halitobolewi na wadudu kama mbao, ndiyo raha yake, lakini likipigwa na mwamba lisizibwe kwa rangi. Sehemu iliyovunjika isagwe kwa mteremko wa 12 kwa 1: faiba ya milimita 10 inasagwa upana wa milimita 120 kila upande, ndipo tabaka jipya lishike. Ioshwe kwa maji matamu na ikauke kabisa. Chumvi na unyevu ukifungiwa ndani hurudi juu kama malengelenge. Kazi hiyo ifanywe Januari au Februari, kaskazi kavu, si msimu wa mvua za masika. Chini ya maji chaza na mwani huota upesi katika joto letu, na boti iliyoota ndevu hupoteza maili mbili au tatu kwa saa huku ikila mafuta yaleyale. Wazee walipaka deheni ya shahamu na chokaa na kukwangua tumbo kila baada ya muda, na sababu haijabadilika. Rangi za siku hizi zinaongeza muda tu.

Upande wa mafunzo, mwanafunzi wa Lamu haji mikono mitupu. Mtoto wa Matondoni au Kizingitini anajua upepo na maji kuliko kitabu. Anachokosa ni kuandika: daftari la safari, ramani, sheria za kimataifa za kuepusha migongano za mwaka 1972, na mashine mbili. Basi aanzie hapo. Apewe dira na alama tatu za nchi kavu zinazoachana kama digrii 60, achore mistari mitatu kwenye ramani. Ikikutana kwenye pembetatu ndogo anajua alipo, ikikutana kwenye pembetatu kubwa amesoma vibaya, arudie. Mtambo wa setilaiti ufunikwe kitambaa kwa saa hiyo. Bildi, kamba ya kupimia kina, nayo irudishwe: risasi yake nzito yenye shimo chini lililojazwa shahamu huleta mchanga, tope au vipande vya matumbawe, na nahodha akajua chini pakoje. Mashine ya kupimia kina kwa sauti inasema mita ngapi, haisemi kama nanga itashika.

Nanga yenyewe ina hesabu. Umetia mahali penye mita 4 maji yakiwa yamepwa, na yatapanda 3. Hesabu mita 7, si 4, zidisha mara nne kwa mnyororo mtupu: mita 28. Ukitumia kamba yenye mnyororo mfupi, zidisha mara sita au saba. Vyombo vingi vinavyoamka vimepanda matumbawe viliwekewa mnyororo wa saa za kupwa.

Mtu akianguka majini, zoezi lifanywe mpaka lichoshe. Mmoja anyooshe kidole kwake na asikiondoe, hata akiitwa na nahodha. Usukani wote upande alioangukia, ili propela zimwepuke. Mwelekeo ukishabadilika digrii 60, usukani wote upande wa pili, mpaka zibaki kama digrii 20 kufika mwelekeo wa kurudi. Hapo usukani katikati, na chombo kitarudi juu ya njia yake ileile. Hufaa zaidi usiku, mtu asipoonekana. Mchana akiwa machoni, zunguka tu upesi. Karibu naye, mashine ya upande wake isizungushe propela.

Kugeuka kwa mashine mbili, moja mbele na moja nyuma, wanafunzi hujifunza kwa asubuhi moja na hufurahi sana. Kufunga gatini mkondo ukienda mbio huchukua mwezi.

Sasa ombi letu kwa watakaoandika zabuni. Kabla chombo hakijaagizwa, chelezo cha tani 60 cha kupandishia chombo nchi kavu kiwepo upande wa bara, Mokowe au Magogoni, tangi la mafuta lenye mteremko na bomba la kumwaga maji liwepo, na ghala lenye impela 6, filta za mwaka mzima, propela mbili za akiba, shafti moja, beringi na pakingi. Boti zinazokauka juani magatini nyingi hazikukosa mashine. Zilikosa kipande kimoja na mtu wa kukiagiza. Sahihi ya kuagiza vipuri vya chini ya kiasi fulani iwe ya mkuu wa mashine aliyeko Lamu.

Chombo kiletwe demani, Oktoba au Novemba, upepo ukiwa umelegea, kipewe wiki tatu za majaribio kabla ya kukabidhiwa. Kiendeshwe maili iliyopimwa, kwenda na kurudi ili mkondo ufutike, kikiwa kitupu na kikiwa kimejaa watu, maji na mafuta. Kwa kila mwendo wa mashine iandikwe kasi, lita kwa saa, joto na kina kilichozama nyuma. Tumbo likiwa safi wakati huo, namba hizo ndizo zitakazomwambia fundi miezi sita baadaye kama mashine imechoka au ni chaza tu. Nakala moja iende Mtongwe, makao makuu ya wanamaji. Daftari lenyewe libaki ndani ya boti.

Ni sisi,
Mafundi wa mashine na manahodha,
Lamu na Mokowe